Karatasi za Babu Aliyekwenda Dago

Mvuvi wa kisiwa cha Kojani, hapa Pemba, haachi karatasi nyingi. Aliyekuwa karani wa serikali huacha faili zima, tangu barua ya kuajiriwa hadi hesabu ya kiinua mgongo. Mwenye mikarafuu huacha hati ya shamba na stakabadhi za mauzo. Lakini babu aliyemaliza ujana na utu uzima wake baharini, kaskazi yuko Kilwa, kusi yuko Malindi, pengine ameacha bahasha moja tu. Ndani yake mna leseni mbili tatu zilizofifia, daftari lililoliwa kona na mende, barua za mkono, picha ndogo iliyopigwa Tanga na kadi ya chama. Bahasha ya namna hiyo hufunguliwa siku ya kugawa mirathi, ikaonekana haina shamba wala nyumba ndani yake, ikarudishwa mvunguni.

Nakuandikia wewe unayejua bahasha hiyo iko wapi. Kumheshimu babu, kwa ninavyoamini, ni kuijua kazi yake kwa undani: alivua kwa zana gani, alipiga dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, wapi, alikuwa na nani chomboni, fungu lake lilihesabiwaje. Kusema alikuwa mchapakazi na mcha Mungu ni vizuri, ila maneno hayo husemwa katika kila msiba na hayamtofautishi na mwengine. Undani umo kwenye karatasi, lakini karatasi za mvuvi karibu zote ziliandikwa na watu wengine juu yake: karani wa leseni, mnunuzi wa samaki, ofisa wa forodha. Upande wake yeye wa habari umo vichwani mwa waliosafiri naye, na hao wanapungua kila mwaka. Basi shabaha ya kazi hii yote ni kuikutanisha karatasi na mtu aliye hai.

Ruhusa kwanza

Bahasha ya marehemu si yako peke yako hata kama wewe ndiye mjukuu uliyesoma kuliko wote. Bibi akiwa hai, anza kwake. Kisha ami, shangazi na yeyote aliye mkubwa katika warithi. Waeleze unataka kufanya nini na karatasi zitalala nyumba gani. Sote tunajua familia ambazo mashamba yamezusha maneno. Mtu akionekana peke yake usiku anapekua makaratasi ya marehemu, hudhaniwa anatafuta hati. Ifungue mchana, ukumbini, mbele ya watu wawili watatu, na kila kitakachotoka kiandikwe kwenye orodha.

Kabla hujatoa kitu, piga picha bahasha au sanduku lilivyo, maana mpangilio nao una habari. Barua iliyokunjwa ndani ya leseni iliwekwa humo kwa sababu, na ukizitenganisha bila kuandika zilivyokuwa, sababu hiyo imepotea.

Ukikuta hati ya kiwanja au shamba, waraka wa wakfu, karatasi ya Kadhi ya ndoa, talaka au mirathi, au waraka wa zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, iweke kando pale pale. Hizo zina nguvu ya sheria mpaka leo. Asili yake ishikwe na yule ambaye familia imekubaliana naye, wewe ubaki na nakala. Mambo ya wakfu yana mahali pake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na waraka ukihusu wakfu uliosahauliwa, hapo ndipo pa kuuliza kabla ya kuanza kubishana barazani.

Chumvi, unyevu na selotepu

Nyumba za Kojani zimepakana na bahari. Karatasi iliyokaa humo miaka hamsini imekunywa unyevu na chumvi, na pini ya chuma iliyoishika imeota kutu. Toa pini hizo polepole kwa kijiti chembamba au ukucha, usizivute. Karatasi zenye unyevu zikaushe kivulini penye hewa, zimetandazwa juu ya kitambaa cheupe cha pamba. Jua kali hukausha upesi, lakini hufuta wino na kukunja kingo.

Mambo matatu nakuomba usiyafanye hata kama mwenye duka la kopi atakushawishi. Usibandike selotepu kwenye mpasuko, kwani gundi yake hugeuka rangi ya chai na kuila karatasi. Usiifunike karatasi ya asili kwa plastiki ya moto, haitoki tena. Wala usiandike kwa kalamu ya wino juu yake. Ukitaka kuweka alama, tumia penseli, kidogo, nyuma kwenye kona.

Baada ya hapo kila karatasi iingie katika bahasha yake safi, na bahasha zote ziingie kwenye sanduku la bati lenye kifuniko kinachobana, likae juu ya meza au kabati, mbali na sakafu na ukuta wenye maji. Lifungue kila baada ya miezi michache, hasa baada ya masika, uangalie mchwa na ukungu.

Picha za simu zipigwe asubuhi kwenye mwanga wa kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Piga mbele na nyuma, kwani nyuma ya leseni mara nyingi ndiko kwenye mihuri na tarehe za kuongezewa muda. Kila picha ipe jina linaloeleweka: mwaka, aina ya waraka, mahali. Ukimtumia ndugu aliye Mombasa au Muscat kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida itapunguzwa ukubwa na maandishi madogo yatavurugika. Nakala zikae kwa watu watatu wasioishi nyumba moja.

Kuisoma tarehe isiyoandikwa

Sehemu hii ndiyo inayolipa jasho lako kuliko zote, kwa hiyo usiikimbilie.

Karatasi nyingi hazina mwaka, au mwaka umefutika. Tazama fedha. Ikitajwa rupia, huenda imeandikwa kabla ya mwaka 1936, kwa sababu tarehe 1 Januari ya mwaka huo ndipo Zanzibar ilipoiacha rupia na kuingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Nasema huenda, maana wazee waliendelea kuhesabu kwa rupia midomoni muda mrefu baada ya hapo, na barua ya nyumbani haifuati sheria ya benki. Shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966.

Tazama stempu. Sura ya Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi alipofariki Oktoba 1960, imekaa juu ya barua kwa muda mrefu. Baada yake yupo Sayyid Abdulla hadi katikati ya 1963, kisha Jamshid kwa miezi michache tu. Ukiona stempu ya zamani iliyopigwa chapa ya maneno JAMHURI 1964 juu yake, barua hiyo imetoka baada ya Mapinduzi ya Januari 12 ya mwaka ule. Stempu za Zanzibar peke yake zilikoma mwishoni mwa 1967.

Kadi ya chama nayo ni saa nzuri. ASP iliundwa Februari 1957 na ikaungana na TANU kuzaa CCM tarehe 5 Februari 1977, basi kadi ya ASP haiwezi kuwa nje ya miaka hiyo ishirini. Hizbu, yaani ZNP, ilianza 1955. ZPPP, iliyokuwa na nguvu hapa Pemba, iliundwa 1959 na haikuvuka 1964.

Barua nyingi zina tarehe ya Hijria peke yake. Chukua mwaka wa Hijria, ugawe kwa 33, jibu ulitoe kwenye mwaka wenyewe, kisha ujumlishe 622. Kwa mfano 1383: ukigawa kwa 33 unapata karibu 42; 1383 kutoa 42 ni 1341; jumlisha 622 unapata 1963. Hesabu hii huweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa sababu miaka miwili hiyo haianzi siku moja. Mapinduzi yalitokea mwishoni mwa Shaaban 1383, na huo ni Januari 1964 tayari. Kwa hiyo mwezi nao uuangalie.

Daftari la nahodha huweza kuwa na hesabu nyengine kabisa, ile ya miongo, kumi kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 bila ya siku ya nyongeza, kwa hiyo siku ya mwanzo husogea nyuma siku moja kila miaka minne. Usijaribu kuigeuza peke yako kwa kutazama sherehe ya Mwaka Kogwa ya mwaka huu. Mpelekee mzee anayehesabu miongo mpaka leo kwa ajili ya bamvua na upepo, naye akuelekeze.

Kisha tazama upepo, jambo ambalo karani hakuliandika lakini limo ndani ya kila tarehe. Chombo cha tanga kilikwenda kusini kwa kaskazi na kurudi juu kwa kusi. Stakabadhi ya Kilwa ya mwezi wa Februari inasema babu alishuka na kaskazi na atarejea kusi likikaza, yaani nyumbani hakuonekana kwa miezi. Ya Malindi mwezi wa Agosti inasema alipanda na kusi. Ukizipanga stakabadhi kwa mwezi badala ya mwaka, utaona mzunguko wa maisha yake, na utaona ni watoto wake gani waliozaliwa yeye akiwa dagoni. Tarehe za kuzaliwa mara nyingi zimeandikwa kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho za msahafu wa nyumbani. Ziweke pembeni ya stakabadhi uone. Sijui njia bora zaidi ya kumfahamisha mjukuu gharama ya kazi ile.

Majina na hati za Kiarabu

Kojani majina hurudi. Faki Hamad amezaa Hamad Faki, naye akazaa Faki Hamad, na ndani ya shehia moja wapo wengine wenye majina hayo hayo. Andika majina matatu, jina la mama yake ukiweza, na lile la utani alilojulikana nalo pwani, kwa sababu mabaharia wenzake pengine hawalijui jingine. Karani wa Bara au wa Mombasa ameliandika jina alivyolisikia: Shaame likawa Shame, Mbarouk likawa Mubaraka. Usilisahihishe juu ya karatasi wala katika nakala yako. Liandike lilivyo, kisha pembeni uweke lililo sahihi. Na ukiona tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, usisherehekee. Wengi wasiokuwa na cheti walipewa siku hiyo na ofisi, na mwaka wenyewe ni wa kukisia.

Barua za zamani zimeandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Anayejua kusoma Qur'ani anadhani atazisoma mara moja, kisha anakwama mstari wa kwanza. Sababu ni kwamba hati hizo hazina nafasi ya sauti zetu zote. Irabu tano zinabebwa na alama tatu, kwa hiyo kasra inaweza kuwa i au e, na dhumma inaweza kuwa u au o. Herufi ya b imeshika pia nafasi ya p, f imeshika v, sh imeshika ch, ghaini imeshika g, na m ya mb au n ya nd mara nyingi imeachwa. Neno Pemba laweza kukujia limeandikwa likasomeka biba. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, taratibu, pamoja na mwalimu wa chuo mwenye umri au mama mtu mzima aliyekuwa akipokea barua kama hizo. Sikio la mtu wa hapa litalitambua neno ambalo jicho limelikosa. Andika mstari kwa mstari, na pasipojulikana acha nukta, usijaze kwa kukisia.

Daftari la fungu

Ikiwa babu alikuwa nahodha au mwenye chombo, pengine ameacha daftari la hesabu. Mimi naliona ni waraka wenye heshima kuliko cheti chochote. Humo mna majina ya mabaharia, posho waliyochukua, chumvi iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'onda na papa, na mwisho wa dago mgawanyo: gharama zinatolewa kwanza, kisha fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha na la kila baharia. Kanuni za mgawanyo hutofautiana kwa chombo na kwa zana, basi usiseme "Wakojani hugawa hivi" kwa kuona daftari moja. Sema "chombo hiki kiligawa hivi msimu ule".

Soma kwa makini mistari ya pembeni. Baharia aliyeugua akapewa fungu lake kamili ingawa hakuingia baharini. Mtoto aliyechukuliwa kujifunza akapewa nusu. Mjane wa baharia aliyetiwa kwenye hesabu baada ya mumewe kufa. Ukikuta mistari ya aina hiyo, hapo ndipo ilipo tabia ya babu yako, imeandikwa bila ya yeye kukusudia kujisifu.

Utakutana pia na madeni. Jambo hili si la historia tu. Dini yetu inataka deni la maiti lilipwe kabla ya mirathi kugawanywa, na kuna warithi ambao hawakupata kujua. Ukiona jina na kiasi kisichokatwa mstari, usilitangaze katika kundi la familia. Wapelekee wakubwa wawili wanaoaminika, waulize aliyetajwa au watoto wake, na ikithibiti basi lilipwe au waombwe msamaha. Kinyume chake kikiwa kweli, kwamba watu walikuwa wakidaiwa na babu, wazee wengi watakwambia samehe, nami nakubaliana nao. Mjukuu anayekwenda kudai shilingi za mwaka 1971 kwa daftari la marehemu anamvunjia heshima.

Siri nyengine zitatoka: ndoa ya dagoni ambayo huku haikujulikana, talaka, mtoto. Watu walikaa miezi ugenini na wakaoa kwa halali. Hilo nalo ni sehemu ya maisha, lakini bibi akiwa hai, heshima yake inakuja mbele ya udadisi wako. Watafute ndugu hao kwa upole na kwa kupitia wakubwa.

Kumwendea mzee

Chagua karatasi moja. Usimpelekee mzee bunda zima, atachoka kabla hajaanza. Nenda baada ya sala ya Alasiri, watu wanapokaa barazani kutengeneza nyavu, shikamoo yako ikitangulia, na umchukulie kahawa au sukari kama tunavyofanya siku zote. Mwombe ruhusa ya kumrekodi kwa simu, na akikataa, iweke simu mfukoni usikilize.

Mpe karatasi aishike mwenyewe. Usimuulize babu yangu alikuwa mtu gani, kwa sababu atakujibu alikuwa mtu mwema, na mazungumzo yamekwisha. Muulize: hapa Kilwa mlifikia pwani ipi? Mlikwenda kwa mashua au kwa jahazi, tanga au mashine? Jarife mlilotega lilikuwa la uzi wa pamba au wa nailoni? Ng'onda mkimwuzia nani? Mpishi alikuwa nani? Nani alitweka tanga? Swali dogo lenye kitu ndani yake huamsha jingine, na mzee aliyesema amesahau atakutajia wenzake kumi kwa majina.

Wengine watasita kukueleza zana zilizokuja kupigwa marufuku. Wakojani walijulikana mwambao mzima kwa uvuvi wa kigumi, wa kuzungusha wavu na kupiga chini kwa miti ili samaki wakimbilie ndani. Unakatazwa kwa sababu huvunja matumbawe. Juya la kukokota nalo lina kesi zake. Mwambie mzee hukuja kuhukumu. Andika alichosema kama alivyosema, pamoja na maoni yake mwenyewe juu ya bahari ilivyobadilika, kwa sababu waliovua humo wana la kusema juu ya matumbawe. Babu hahitaji kufanywa malaika ili aheshimiwe.

Kadi za siasa zinataka uangalifu zaidi. Miaka ya 1957 hadi 1964, na iliyofuata, iliwagawa watu wa Pemba hadi ndani ya nyumba, na katika baadhi ya majumba kadi zilichomwa au kufukiwa. Usiichome wewe. Usiibandike mtandaoni pia. Itunze pamoja na nyengine, na kwa mzee usianzishe habari hiyo mpaka aianzishe mwenyewe.

Karatasi iliyovuka mpaka

Wapo watakaosema hizi ni kumbukumbu za kufurahisha moyo tu. Watazame ndugu zetu wa Kenya. Wapemba waliohamia Kwale, Kilifi na kwengineko kwa ajili ya uvuvi walikaa huko vizazi kadhaa bila ya uraia. Asiyekuwa na kitambulisho hawezi kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia waliokuwemo nchini humo tangu siku ya uhuru, 12 Disemba 1963, pamoja na vizazi vyao. Mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wapemba kuwa moja ya jamii za nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho.

Tazama jinsi tarehe moja ilivyobeba hatima ya watu. Stakabadhi ya Shimoni au Vanga ya mwaka 1961 iliyolala mvunguni Kojani yaweza kuwa ushahidi wa binamu zako walio ng'ambo kwamba babu yao alikuwa akifanya kazi pale kabla ya uhuru. Na usishangae kuona mihuri ya pande zote mbili. Hadi 1963 ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kisheria kuwa wa Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza, na mvuvi aliyetoka Kojani kwenda Vanga hakujiona amekwenda nchi ya kigeni. Ukiwa na ndugu Kenya, waulize kwanza wanahitaji nini katika bahasha hiyo, wape nakala safi haraka, na asili iwe tayari kuonyeshwa.

Bibi naye

Mpaka hapa nimesema babu, babu. Kazi ya bibi imeacha karatasi chache zaidi, na hiyo si sababu ya kuiruka. Wakati chombo kiko Mafia, nyumba, watoto na deni la dukani vilikuwa mikononi mwake. Alifukia makumbi pwani miezi kadhaa, akayafukua, akayapiga, akasokota kamba, alisuka ukili, aliuza dagaa. Angalia nyuma ya barua za babu, penye orodha ya vitu vilivyopelekwa na fedha zilizopokelewa. Angalia kipande cha daftari la upatu. Kilimo cha mwani kilipoanza Zanzibar mwaka 1989 na baadaye kuenea Pemba, wanawake wengi kwa mara ya kwanza wakawa na kijitabu chenye kilo na malipo kwa majina yao wenyewe. Kikiwepo, kina haki ya bahasha yake ndani ya sanduku kama leseni ya mumewe.

Kwa kila kazi isiyo na karatasi, tengeneza wewe karatasi: muulize, andika, soma mbele yake, asahihishe, tia tarehe.

Kuweka mahali pake

Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja, na humo mna kumbukumbu za enzi za masultani na za utawala wa Waingereza, pamoja na taarifa za maofisa wa Pemba. Kwenda huko ni vizuri, ila nasema uwe mwisho wa kazi na usiwe mwanzo. Jina la babu yako huenda hutaliona. Utakachopata ni mazingira: kanuni za leseni za wakati ule, ushuru, bei. Ukiwa umekwisha kuongea na wazee utajua uulize nini. Ukianza huko utachoka. Chukua kitambulisho na barua ya Sheha. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vilivyokosekana, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ndio wa kuulizwa.

Mwisho tengeneza kijitabu, kurasa ishirini zinatosha. Ukurasa mmoja picha ya waraka, ukurasa wa pili maelezo ya mzee kwa maneno yake. Katikati weka ramani iliyochorwa kwa mkono yenye madago yote aliyofikia, kutoka juu hadi chini ya mwambao, na nyuma kabisa majina ya mabaharia wote, waliokufa na walio hai. Usiyaache majina hayo. Hakuna aliyevuta jarife peke yake, na watoto wa mabaharia wale watatafuta majina ya baba zao kwenye kijitabu chako kwa sababu wao hawana hata bahasha. Toa kopi Wete au Chake Chake, moja ipeleke skuli ya Kojani, nyengine kwa ndugu walio Tanga, Mombasa na Oman.

Lakini kijitabu kinaweza kungoja mwaka mzima, na sanduku la bati linaweza kungoja mwezi. Mzee hangoji. Wiki hii hii, uliza nyumbani ni nani aliyebaki katika waliosafiri na babu yako, umjue aliye mkubwa kuliko wote, uchague karatasi moja, uende kwake baada ya Alasiri.